Karanga na Bwana Koti

Soko letu la Kibuye
lina kelele na vumbi,
lina mbuta na mitumba,
na mvua zikishanyesha
vikombe vya kumbikumbi.

Juu ya paa la bucha
alikaa Bwana Koti,
korongo mwenye upara,
mfuko mwekundu shingoni,
mkimya, kama karani
anayengojea korti.

Nani angelimpenda?
Chakula chake jalala.
Matumbo, mifupa, ngozi;
siku moja soksi nzima
akaimeza, kalala.

Nami, kijana wa ndimu,
nilimrushia mawe.
Nilikuwa na shabaha.
Sikumwona kama ndege;
nilimwona kama jiwe.

Chini, penye ile meza
na mizani ya Nyagowa,
palifungwa mbuzi wake,
Karanga wa pembe moja,
mla kamba, mla ndara,
mla kalenda ya mwaka
Machi bado kuingia.

Asubuhi moja, ghafla,
puu! Ndege kaanguka.
Nailoni ya wavuvi
imezunguka miguu;
kila akijikukuta
inakaza, inashika.

Tukasimama duara.
Mmoja katoa simu,
mwingine kasema, "Mkosi!"
Mimi, mkononi, ndimu.

Karanga kavuta kamba
hadi meza ikalia,
akanusa kucha moja,
kapata pa kuanzia.

Kru, kru, kru, kru. Polepole.
Si kwa meno ya ulafi:
alikwepa gamba, ngozi,
akala uzi tu, safi.

Mdomo ule mrefu
ungemtoboa jicho.
Ulilazwa, taratibu,
mgongoni mwa Karanga,
bila neno, bila kicho.

Mama Nyagowa kasema,
"Amekula hata noti;
sasa leo amekula
pingu zake Bwana Koti."

Tangu hapo, kila siku
kabla jua kukolea,
yule bwana wa upara
hushuka na kutembea
hatua za kikarani,
jalala hadi mezani,
kashika ganda la ndizi
au jani la kabeji,
humwekea mguuni,
hugonga mdomo: ka, ka.

Juzi alimpa soksi.
Karanga naye akala.

Muuza nyanya Makokha
alisema, "Haidumu.
Ndege wa paa na mbuzi!
Watasemaje? Kwa simu?"

Hawasemi. Wanakaa.
Mmoja anacheua,
mwingine anasinzia;
nzi akimwendea mbuzi,
ka! hajawahi kutua.

Mvua ya mawe ikaja
toka upande wa ziwa,
turubai zikaruka,
nasi mbio, kila njia,
mbuzi kasahauliwa.

Tuliporudi, Karanga
kalala, mkavu, mzima,
chini ya bawa jeusi
lililotota kwa mvua,
na juu ya ule upara
nundu tatu, wima, wima.

Mawe hayo si ya kwangu.
Bado niliona haya.

Mimi mawe nimeacha.
Sikukanywa, sikupigwa.
Ila usiku huwaza
ile ndimu mkononi,
na mbuzi, hana mikono,
tena mwenyewe kafungwa.

Jana nikaweka pezi
la mbuta, chini ya paa.
Akanitazama sana.
Hakushuka. Mimi pia
sikutoka. Nilikaa.